Hiyo kakao ni ya nani?

Ndugu wasikilizaji wa Butembo na Beni, na nyinyi wazazi wetu mliohama, mnaolala madarasani na katika nyumba za jamaa, leo nataka tuongee juu ya hesabu.

Kiongozi akisimama hapa kwetu kusema juu ya uchumi, anaanza na kakao. Si uongo. Mibuni ya robusta ya Beni iliteketezwa na ugonjwa wa mnyauko miaka ya 1990, na wakulima wengi wakageukia kakao. Mwaka 2024 bei yake katika soko la dunia ikapita dola 10,000 kwa tani. Kinshasa wahesabu shaba na kobalti ya Katanga. Sisi tuna udongo na mikono. Hata maduka ya Butembo na mizigo inayoingia kwa Kasindi, ukiifuata ile pesa nyumanyuma, nyingi utaikuta imetoka shambani. Mkulima akiuza, ananunua bati, analipa shule, motari anapata abiria. Asipouza, muuza vitenge anasinzia dukani.

Basi nauliza: hiyo kakao ni ya nani?

Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa Beni. Wenye mashamba ya upande wa Mbau na Eringeti wamehama, wamerudi, wamehama tena. Miti haikuhama. Mti wa kakao haujui vita, unazaa tu, na kuna anayevuna. Gunia linafika mjini, linapimwa, linalipiwa kodi, linaingia katika hesabu kama mazao ya Beni. Mama mmoja aliyekimbilia Oicha aliniambia: « Shamba langu linafanya kazi kuliko mimi. Mimi nabebea watu maji. » Katika hesabu ya uchumi shamba lake limo. Yeye ameandikwa kwenye orodha nyingine, ile ya unga na mahema.

Halafu tunaambiwa kakao inainua Beni. Inamwinua nani?

Wanunuzi watajibu kwamba gunia halisemi limetoka wapi. Sikubali. Kakao ya mtu aliyetulia inavundikwa siku 5 hadi 7, kisha inaanikwa juani. Mwizi hana wiki nzima ya kukaa na mali ya watu. Anauza mbichi, bado ina ute, alfajiri, kwa bei ya kutupa. Anayeipokea bila kuuliza shamba liko wapi anajua anachofanya.

Najua pia yuko mwenye shamba halali anayeuza mbichi kwa sababu anaogopa kulala shambani. Huyo simlaumu, na marufuku ya jumla ingemuumiza yeye kwanza. Kwa hiyo siombi marufuku. Naomba kila depo imtake muuzaji alete karatasi ya chefu wa kijiji chake, na kama kijiji kimehama, shahidi kutoka kamati ya waliohama. Watu wa kijiji kimoja wanajuana. Nenda ukawadanganye kwamba shamba la marehemu fulani ni lako, uone.

Wengine watasema tukibana hapa, kakao yote itavuka mpaka. Tayari inavuka! Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika ripoti zao kwamba kakao ya Beni inapitishwa kwa magendo hadi Uganda. Ikishavuka inahesabiwa huko, na sisi tunabaki na makaburi. Hoja hiyo inatetea wanaofaidika tu, na usidhani ni ADF peke yao. Wenye silaha wa kila rangi wanajua kupanda juu ya mti wa kakao.

Serikali isiseme iko mbali. Utawala wa kijeshi uko jimboni tangu Mei 2021, na baada ya Goma kuanguka Januari 2025, wakubwa wa Kivu ya Kaskazini wamehamia hapa hapa Beni. ONAPAC ndiyo inayosimamia kahawa na kakao inayotoka nchini. Waliohama wako Oicha, pamoja na machefu wao, na wanakumbuka mipaka ya mashamba yao mti kwa mti. Kutoka ofisi za Beni hadi kwao ni safari ya pikipiki moja.