Dada, Jivu la Lengai Si Poda!

Wadau, kuna mrembo mmoja, mzaliwa wa Laela kule Rukwa ila siku hizi ni wa Dar kabisa, wiki hii kawasha moto mtandaoni. Kapanda Ol Doinyo Lengai, kajipaka jivu la mlima mashavuni, kapiga pozi, kisha kaandika: "Poda ya bure, nani kama mimi?"

Mashabiki wakagawanyika. Picha ni kali, hilo halina ubishi. Mlima ule uko Ngorongoro, mkoani Arusha, jirani na Ziwa Natron, na Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Watu huanza kuupanda usiku wa manane ili jua liwakute kileleni. Volkano yake bado iko hai, na lava yake ni ya kipekee duniani: inatoka nyeusi kama oili chafu, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Mtu akishuka huko salama ana haki ya kujidai.

Shida ni hilo neno poda. Julai 2007 ardhi ilitetemeka mpaka Nairobi watu wakatoka maofisini. Septemba mlima ukalipuka, na jivu likaendelea kurushwa hadi 2008. Malisho yakafunikwa, mifugo ikadhurika, kuna familia zilihama. Tena jivu la volkano si kama la jikoni. Ni chembe za mawe na kioo: likiingia machoni linakwaruza, ukilivuta linasumbua mapafu. Halipakwi usoni kwa ajili ya "likes".

Kuna watakaosema aachwe, ni utani tu, halafu anatangaza utalii. Sawa, wageni wakienda vijana wa pale wanapata riziki. Sasa itazameni ile picha vizuri. Kijana wa Kimaasai aliyemwongoza usiku kucha kakatwa, umebaki mkono na fimbo. Hata asante hakuna. Hapo kinachotangazwa ni nini?

Na yeye ndiye alitakiwa kuelewa haraka kuliko wote. Kabla lami ya Tunduma–Sumbawanga haijafika, abiria alikuwa anashuka Laela nyusi zimegeuka rangi, mtoto anakohoa, mama anakung'uta kitenge. Angetokea mtu wa mjini akapiga selfi na lile vumbi akaandika "meikapu ya Ufipa", Laela nzima ingenuna. Na angenuna yeye wa kwanza.

Kama anataka kulisifia jivu, lipo karibu na kwao. Ukitoka Laela ukapita Tunduma na Mbeya, ukakunja Uyole kuelekea Tukuyu, ile migomba, chai na viazi unavyoviona vinastawi kwenye udongo uliotokana na majivu na lava za zamani za milima ya huko, Rungwe na Ngozi ikiwemo. Jivu lililowaharibia watu malisho kule Natron ni ndugu wa hilo linalolisha watu Tukuyu, ila la Tukuyu limepewa muda mrefu sana. Hiyo ndiyo stori ya kuwapa mashabiki.

Picha asifute. Abadilishe maneno, na yule kijana amrudishe kwenye fremu.

Au nyie mnasemaje, dada anaonewa?