Mashine ya Mchezo na Uaminifu wa Fundi

Mzazi mmoja wa Newala atuuliza: PlayStation 2 ya wanawe haisomi diski, je, aitupe?

Twamjibu: asifanye haraka. Mashine hii ilianza kuuzwa mwaka 2000, na Januari 2013 Sony ilitangaza kukoma kuiunda. Basi uzee wake haushangazi.

Kwanza, diski ifutwe kwa kitambaa laini, toka kati kwenda ukingoni, wala isifutwe kwa kuzungusha. Pili, ijaribiwe diski nyingine. Ikisomeka, ila ni ya diski ile ya kwanza. Zikikataa zote, umeme uchomolewe, na fundi aipanguse lenzi taratibu kwa pamba yenye spiriti kidogo, kwani vumbi la kiangazi hutua hapo. Ikisoma CD na kukataa DVD zilizo safi, huenda mwali wa DVD umechoka, maana kila aina ina mwali wake. Hapo lenzi hubadilishwa.

Nanyi vijana mafundi wa Masasi na Newala, aliyepangusa vumbi asidai bei ya lenzi mpya. Na anayeuza mashine yenye ila, aitaje ila hiyo kabla ya kupokea fedha. Kuificha ni ghushi, na ghushi ni haramu, ijapokuwa katika kitu cha mchezo.