Risala ya wakazi wa Songo Songo kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati kuhusu gharama za kufunga visima vya gesi

Mheshimiwa Waziri,

Tuna jambo moja, nalo ni la fedha.

Gesi ya hapa iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kufua umeme na kuendesha viwanda. Leseni ya uzalishaji ilitolewa 2001 kwa miaka 25. Iongezwe au isiongezwe, iko siku visima hivi vitakauka. Nani atagharimia kuvifunga?

Kisima cha gesi hakifungwi kwa kukaza koki na kuondoka. Hujazwa saruji kwenye matabaka yenye gesi na yenye maji, bomba lake likakatwa chini ya ardhi, na eneo likarudishwa katika hali yake. Kikitelekezwa, chuma huliwa na kutu, gesi huvuja, na maji ya chumvi kutoka chini hupata njia ya kupanda hadi kwenye maji ya kunywa. Kisiwani hatuna mto wa kukimbilia.

Waliotutangulia wameshaumia. Jimboni Alberta, Kanada, kampuni ya Redwater ilifilisika mwaka 2015. Wadai walitaka kuuza visima vyenye faida na kuvitupa vilivyobaki. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2019 iliamua kwamba mali ya kampuni itumike kwanza kusafisha, benki zisubiri. Hata hivyo, mwaka uliofuata serikali ilitoa zaidi ya dola bilioni 1.7 za Kanada kwa majimbo matatu ili visima vya namna hiyo vifungwe na ardhi isafishwe. Marekani nako, dhamana ya chini katika ardhi ya shirikisho ilikuwa dola 10,000 kwa leseni moja tangu 1960, na haikupandishwa mpaka 2024. Wakati huo Bunge lao lilikuwa limeshatenga dola bilioni 4.7 za umma kwa visima visivyo na mwenyewe. Faida ilikwishaondoka na wenye kampuni.

Sisi tuna Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, inayotaka uwepo mpango na mfuko wa kazi hii. Tunaishukuru. Lakini kwenye mikutano ya kijiji tumesomewa habari za madarasa na zahanati. Za mfuko huo hatujasomewa hata mara moja.

Kwa hiyo tunadai fedha ya kufunga visima iwekwe sasa, gesi ingali inauzwa, katika akaunti ambayo mwekezaji hawezi kuigusa wala mdai wake kuikamata. Salio lisomwe hadharani kila mwaka, pamoja na makisio ya gharama ya kila kisima, cha nchi kavu na cha baharini. Na kampuni ikiuza hisa zake kwa nyingine ndogo, muuzaji asivuliwe deni: mnunuzi akishindwa, arudi yeye alipe.

Tunaomba jibu la maandishi kabla leseni yoyote haijasainiwa upya.

Tunawasilisha.