Cabo Delgado: Wazee wa pwani na Idi isiyo na wageni

Vita vya kaskazini mwa Msumbiji vimekuwa vikipimwa kwa idadi ya waliouawa, nyumba zilizoteketezwa na watu waliohama makwao. Ipo hasara nyingine ambayo haimo katika takwimu hizo: wazee wa pwani wamepoteza watu wa kuwatembelea, na upweke wao hudhihirika zaidi siku za sikukuu.

Tangu Oktoba 5, 2017, wapiganaji wenye itikadi kali walipouvamia mji wa Mocímboa da Praia, ambao wenyeji huuita Msimbwa, ukanda wa pwani kutoka Palma hadi Quissanga haujapata utulivu wa kudumu. Mocímboa da Praia ilitekwa Agosti 2020, ikakombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Mwishoni mwa 2022 idadi ya waliohama ilikuwa imepita milioni moja. Tangu hapo watu zaidi ya laki sita wamerejea makwao, lakini Septemba 2025 mauaji yalitokea tena ndani ya Mocímboa da Praia na baadhi ya waliorudi wakalazimika kufungasha upya.

Katika mwendo huo wa kwenda na kurudi, familia nyingi zimerejea nusunusu. Wenye umri mkubwa hutamani kurudi kwenye shamba, kwenye minazi na kwenye makaburi ya wazazi wao. Vijana hubaki Pemba, Nampula au Montepuez, kwa sababu huko ndiko kuliko na shule zinazofanya kazi na vibarua vya kuwalipa. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya wazee wamerudi katika vijiji ambavyo watoto na wajukuu wao hawapo, huku wengine wakiishi ugenini katika makazi ya waliohama, mbali na majirani waliokua nao.

Sikukuu kama daftari la ukoo

Kwa Wamwani, Wamakwe na Waswahili wengine wa pwani hii, Idi ni zaidi ya swala ya asubuhi na sahani ya wali wa nazi. Ni siku ambayo mzee hukaa mahali pake, mlangoni au barazani, na ukoo mzima humwendea. Watoto huja kuamkia na kupokea mkono wa Idi. Waliokosana hupatanishwa mbele yake. Kijana anayetaka kuoa hutajwa kwa mara ya kwanza. Mgeni asiyejulikana huulizwa ni mtoto wa nani, na mzee ndiye mwenye jibu.

Kwa hiyo mzee siku ya sikukuu hana nafasi ya mtu anayehurumiwa. Ana kazi. Yeye ndiye daftari la ukoo, na kila anayeingia hufungua ukurasa wake. Wageni wasipokuja, mzee hukosa furaha ya siku moja na, zaidi ya hapo, hukosa ushahidi kwamba bado anahitajika. Jambo hili ndilo linaloutofautisha upweke wa mzee wa pwani na ukimya wa kawaida wa nyumba iliyo tupu.

Vikwazo vya kumfikia mzee vinajulikana. Barabara kuu ya N380, inayoziunganisha wilaya za kaskazini na kusini mwa mkoa, imeshambuliwa mara nyingi, na katika vipindi kadhaa magari yamelazimika kusafiri kwa misafara yenye ulinzi wa kijeshi. Njia ya bahari, ambayo kwa karne nyingi iliunganisha Palma, Msimbwa na visiwa vya Kerimba na Mtwara na Unguja, nayo iliingia hofu na udhibiti wa vyombo vya usalama. Familia zilizogawanywa na mto Ruvuma zimeathirika zaidi: mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilieleza wasiwasi wake kwamba maelfu ya watu waliokimbilia Tanzania walirudishwa Msumbiji.

Simu ingeweza kupunguza umbali huo, lakini minara mingi iliharibiwa wakati wa mapigano, na kuna wazee wasio na simu wala mtu wa kuwabonyezea. Mtoto aliye Pemba anaweza kutuma fedha kidogo kwa simu kabla ya Idi. Fedha hizo hununua mchele, ila mzee hubaki na sufuria ya chakula na hakuna wa kula naye.

Misaada huhesabu kaya

Mfumo wa misaada ya dharura umejengwa juu ya kaya. Kaya huandikishwa, hupewa kadi, hupokea mchele, maharage, mafuta, turubai au hundi ya kununulia chakula. Utaratibu huo umeokoa maisha ya wengi na haustahili kubezwa. Hata hivyo, una upofu wake. Mzee anayeishi peke yake huonekana kama kaya ndogo yenye mahitaji madogo. Mzee anayeishi na watu waliompokea huonekana kuwa ametunzwa, hata kama hakuna anayezungumza naye kuanzia asubuhi hadi usiku.

Mwaka 2020, maelfu ya watu walipokuwa wakishuka kutoka kwenye mashua katika ufukwe wa Paquitequete mjini Pemba, wengi walipokelewa na jamaa na hata na watu wasiowajua. Nyumba ya vyumba viwili ilijaa watu ishirini. Ukarimu huo ni miongoni mwa sura bora za vita hivi, lakini mzee aliyekuwa mwenye nyumba aligeuka kuwa mgeni wa kudumu, na mgeni wa kudumu hana baraza la kupokelea watu siku ya Idi.

Serikali ya Msumbiji inayo sheria ya kuwalinda wazee, namba 3 ya mwaka 2014. Inayo pia ruzuku ya msingi ya kijamii inayotolewa na taasisi ya ustawi wa jamii, INAS, kwa wazee maskini na watu wengine wasioweza kufanya kazi. Kiwango kilichowekwa mwaka 2018 kwa mtu anayeishi peke yake ni meticais 540 kwa mwezi, na malipo yamekuwa yakichelewa mara kwa mara. Tangu kuanza kwa 2025, kupunguzwa kwa misaada ya Marekani kumeongeza ugumu kwa mashirika yaliyokuwa yakiziba pengo. Kimbunga Chido, kilichoupiga mkoa huu Desemba 15, 2024, kilikuwa tayari kimebomoa nyumba za watu waliokuwa wameanza kujijenga upya.

Katika hali hiyo, kuzungumzia upweke kunaweza kuonekana kama anasa. Mwenye njaa, hoja husema, kwanza alishwe. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inachukulia kwamba njaa na upweke ni mambo mawili yanayosubiriana kwa zamu. Mzee asiye na mtu hukosa wa kumpangia foleni ya mgao, wa kumsindikiza zahanati, wa kumkumbusha dawa ya shinikizo la damu, na wa kumwambia kwamba kijiji jirani kimeanza kukimbia. Katika mashambulizi, kuwa na mtu wa karibu ni sehemu ya usalama.

Uandani kama huduma

Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini kuna kazi inayotambulika rasmi ya kuwa mwandani wa mzee. Anayeifanya si muuguzi. Hamwogeshi mzee wala hampi dawa. Kazi yake ni kukaa naye, kuzungumza, kumsindikiza sokoni au ibadani, na msimu wa sikukuu unapowadia, kumsaidia kuandaa chakula, kuandika salamu na kuhudhuria shughuli ambazo peke yake angeziacha. Wengine hulipwa na familia, wengine hujitolea kupitia mashirika.

Mataifa yameanza kulichukua suala hili kwa uzito. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikafuata 2021. Mwezi Juni 2025, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani ameguswa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba tatizo hili lipo katika nchi maskini kama lilivyo katika nchi tajiri. Imani kwamba Afrika ina kinga kwa sababu ina ukoo mkubwa haina msingi pale ambapo ukoo wenyewe umetawanywa na bunduki.

Mifano ya karibu inafundisha zaidi kuliko ile ya London au Tokyo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa pensheni jamii wakazi wote waliotimiza miaka 70, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa. Kiwango kilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kikapandishwa hadi 50,000. Visiwani humo pia viongozi wa serikali wana desturi ya kuwapelekea mkono wa Idi wazee wanaoishi katika makao ya Sebleni na Welezo. Mtu anaweza kuiona desturi hiyo kuwa ni picha za magazeti tu, lakini inakiri jambo muhimu: mzee asiye na jamaa ana haki ya kupata mgeni siku ya sikukuu, na jukumu hilo linaweza kubebwa na jamii nzima.

Zimbabwe imetoa funzo jingine. Tangu 2006, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda umekuwa ukiwafundisha akina bibi kuwasikiliza watu wenye sonona na mawazo mazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapo mzee ndiye aliyepewa kazi ya kuliwaza wengine. Kwa Cabo Delgado, yenye vijana wengi walioshuhudia mauaji na kupoteza wazazi, wazo hilo lina uzito wa pekee: mzee na yatima wanaweza kutembeleana kwa faida ya wote wawili.

Nani atabisha hodi?

Kuleta uandani katika pwani ya kaskazini hakuhitaji kuanza na ofisi mpya. INAS ina watu wake vijijini, wanaoitwa permanente, ambao hutambua wanaostahili ruzuku na kuiunganisha jamii na taasisi. Wanajua mzee yupi anaishi nyumba ipi. Kuwaongezea jukumu la kuandikisha wasio na wageni, pamoja na posho inayolingana na jukumu hilo, kungekuwa hatua ya kwanza. Vikundi vya wanawake vya upatu na vya ngoma ya tufo, misikiti na parokia vina watu wa kutembelea, na tayari vinaaminiwa.

Hapana budi vikwazo vitazamwe kwa macho makavu. Katika eneo la vita, kijana anayezunguka nyumba kwa nyumba hushukiwa na askari, na mara nyingine hushukiwa na wanakijiji wenyewe. Wanawake wa makamo wanaofahamika mtaani wana nafasi nzuri zaidi, na ziara zinapaswa kufanyika mchana, wawili wawili, kwa taarifa ya viongozi wa kijiji. Mzee mwenye ruzuku pia anaweza kuibiwa na anayejifanya mwandani wake, kwa hiyo anayeshika daftari la ziara asiwe ndiye anayeshika fedha.

Kipo pia kikwazo cha heshima. Kwa wengi, kumleta mtu wa nje akae na mzazi ni kuitangazia dunia kwamba watoto wameshindwa. Aibu hiyo inaweza kuepukwa iwapo mwandani atachukuliwa kuwa mjumbe wa familia iliyo mbali. Anaweza kumpelekea mzee sauti ya mjukuu iliyorekodiwa kwenye simu, kumsomea ujumbe, kisha kurudisha jibu na dua. Kazi hiyo haiondoi nafasi ya mtoto. Humsaidia kuitimiza akiwa mbali.

Swali la gharama nalo lina jibu. Ziara mbili kwa wiki, posho ya anayetembelea na chakula cha pamoja siku ya Idi el-Fitri na Idi el-Haji ni matumizi madogo kando ya bajeti ya ulinzi au ya mradi wa gesi wa Afungi, unaogharimu mabilioni ya dola umbali mfupi kutoka Palma. Makampuni yanayojenga hapo hutangaza miradi ya kijamii ya shule, maji na ajira kwa vijana. Wazee mara chache huwa na nafasi yao katika orodha kama hizo.

Msumbiji ina siku inayoweza kulipima taifa katika jambo hili. Desemba 25 imewekwa katika kalenda ya serikali kuwa Siku ya Familia, ili Wakristo, Waislamu na wasio na dini wote waipate. Idi zenyewe si sikukuu za taifa zima; Waislamu huruhusiwa kutokwenda kazini. Kwa mzee wa Quissanga au Msimbwa, jina la siku lina uzito mdogo. Atakayeweza kujibu kama nchi yake inaijali familia ni yule atakayebisha hodi mlangoni kwake asubuhi hiyo na kukaa hadi chakula kiive.