Kikombe Kimevunjika: Nani Amekivunja?

Jumapili iliyopita nilikuwa Kingolwira, nyumbani kwa kaka yangu, si mbali na barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Mvua ilikuwa imekatika na milima ya Uluguru imejitokeza upande wa kusini, safi kama iliyooshwa. Nilikuwa nimejiandaa kulala kibarazani. Lakini binti yake, aliye kidato cha pili, alikuja na daftari la Kiingereza mkononi. Alinisabahi, nikaitikia, kisha akasema: "Baba mdogo, naomba unisaidie hapa. Mwalimu ataanza kuuliza kesho, na mwaka huu tuna mtihani wa taifa."

Mada ilikuwa vitenzi elekezi na vitenzi sielekezi vya Kiingereza. Fasili alikuwa ameinakili kwa mwandiko mzuri, na aliikariri bila kukosea neno: kitenzi elekezi ni kile kinachochukua "object". Nilimwuliza hiyo "object" ni nini. Akajibu kuwa ni kitu. Nikamwuliza kwa nini basi "arrive" haichukui kitu, ilhali mtu hufika mahali, na mahali pia ni kitu. Alinyamaza. Aliangalia daftari kana kwamba jibu lingechomoza lenyewe katika mistari.

Msichana huyu si mzito wa akili. Amepewa maelezo ya lugha asiyoijua kwa lugha hiyohiyo asiyoijua, naye amefanya lililowezekana, ameyakariri.

Nilimwomba afunge daftari. Nikamwambia: "Mtoto amevunja kikombe. Kikombe kimevunjika. Katika sentensi ipi naweza kuuliza, 'amefanya hivyo kwa nini kingine?' au tuseme, 'amevunja nini?'" Alicheka. Hazikupita dakika mbili akawa ananitajia mwenyewe: mwaga na mwagika, pasua na pasuka, unguza na ungua, laza na lala, poteza na potea. Alikuwa anajua kila kitu. Alijua tangu siku ya kwanza alipovunja kikombe jikoni akamwambia mama yake kuwa kimevunjika, naye mama akamwuliza: "Kimevunjika chenyewe?"

Swali hilo la mama ndilo somo zima la sarufi, na nitalirudia baadaye. Kwanza niseme jambo la darasani.

Kiswahili huonyesha waziwazi, ndani ya umbo la kitenzi, kama tendo linamwelekea mtendwa au linaishia kwa mtenda. Kamusi zetu huweka alama [ele] na [sie] kando ya vitenzi, lakini msemaji hahitaji alama hizo kwa sababu viambishi vinamwambia. Ukiongeza kiambishi cha kutendesha, kitenzi kilichokuwa sielekezi kinapata mtendwa: panda inakuwa pandisha, fika inakuwa fikisha. Ukiongeza cha kutendea, nafasi ya mtu mwingine inafunguka: soma inakuwa somea. Ukiweka cha kutendeka, mtenda anaondoka kabisa jukwaani. Kiingereza hakifanyi hivyo kwa kiasi hicho. Kitenzi "break" kina umbo lilelile mtoto akivunja kikombe na kikombe kikivunjika. Ndivyo ilivyo kwa "open", "burn" na "boil". Zimebaki jozi chache tu, kama "rise" na "raise" au "lie" na "lay", ambazo huwasumbua hata Waingereza.

Kwa maneno mengine, katika mada hii mwanafunzi wa Kingolwira anaingia darasani akiwa na vifaa bora kuliko mwanafunzi wa London. Tunampokonya vifaa hivyo mlangoni. Wengi wetu tuliosoma shule za sekondari za nchi hii tunakikumbuka kile kibao cha kuamuru Kiingereza tu, na adhabu kwa aliyeteleza akasema neno la Kiswahili.

Makosa yenyewe ya wanafunzi wetu yanathibitisha ninachosema. Ninasahihisha kazi za chuo kikuu, na kila muhula nakutana na "discuss about", "explain me" na "I enjoyed" isiyofuatiwa na chochote. Wenzangu huyaita uzembe. Mimi nayaona kuwa ni mantiki timamu iliyopotea njia. Anayeandika "explain me" anaifuata nieleze, ambamo mwelezwaji ni mtendwa halali ndani ya kitenzi. Kiingereza kinamtaka asimame nje na kutanguliwa na kihusishi. Anayeandika "I enjoyed" anafikiri nilifurahi, kitenzi kinachojitosheleza, kumbe "enjoy" ni elekezi na inadai kitu cha kufurahiwa. Anayeandika "discuss about" anatafsiri jadili kuhusu. Kosa lenye mantiki hurekebishwa kwa kuonyesha mahali ambapo mantiki mbili zinaachana. Kuonyesha hivyo kunahitaji lugha zote mbili mezani.

Mjadala huu una umri mkubwa kuliko wanafunzi wangu. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, serikali ikaamua kubaki na Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote, huku ikiiacha milango wazi kwa Kiingereza, na darasani hali ikabaki ileile. Sitaurudia mjadala wote leo. Mimi si adui wa Kiingereza. Shahada yangu ya uzamivu niliiandika kwacho na sijutii. Ninachotaka ni kidogo sana: mwalimu wa Kiingereza aruhusiwe, na afunzwe, kufundisha sarufi ya Kiingereza kwa kuilinganisha na sarufi ya Kiswahili. Gharama yake ni kuondoa kibao.

Sasa nirudi kwa mama na kikombe chake.

Kiswahili kina njia mbili za kumwondoa mtenda mbele ya macho. Ya kwanza ni kauli ya kutendwa: kikombe kimevunjwa. Hapa mtenda hatajwi lakini nafasi yake ipo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "na nani?" Sentensi inaweza kujibu: kimevunjwa na mtoto. Njia ya pili ni kauli ya kutendeka: kikombe kimevunjika. Jaribu kuongeza mtenda hapa. "Kikombe kimevunjika na mtoto" si Kiswahili. Lugha yenyewe imefunga mlango, na swali la "na nani?" halina pa kuingilia. Mama analazimika kuuliza kwa kuzunguka: kimevunjika chenyewe?

Ndugu msomaji, hasa wewe uliye mtumishi wa umma, sikiliza vitenzi vya ofisini kwako kwa wiki moja. Mradi umekwama. Malipo yamechelewa. Mfumo umegoma. Takwimu zimepishana. Miaka kadhaa iliyopita nilifuatilia jambo langu katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaambiwa kwa upole mkubwa kwamba jalada langu "halionekani". Nilirudi mara nne. Kila mara lilikuwa halionekani. Hakuna aliyekuwa halioni. Lilikuwa tu na tabia ya kutoonekana, kama jini. Mara ya tano nilimwuliza kijana wa masjala, "Nani aliyelichukua mara ya mwisho, na alisaini wapi?" Jalada lilipatikana kabla ya saa sita. Nakiri kwamba nami nimesema "lilipatikana". Sijui nani alilipata.

Pale Kingolwira lipo gereza linalojulikana nchi nzima. Kila mfungwa aliyemo humo amefikishwa pale na sentensi yenye kitenzi elekezi. Hati ya mashtaka haikubali kauli ya kutendeka. Lazima iseme nani, alitenda nini, dhidi ya nani, wapi na lini. Hakuna hakimu atakayepokea hati inayosema kwamba katika tarehe fulani kuku wa jirani walipotea. Itaandikwa kwamba fulani aliiba kuku watatu, mali ya fulani. Hata neno lenyewe mfungwa limezaliwa na kauli ya kutendwa: yupo aliyemfunga, na amri ya kufungwa ina jina na saini. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo kitenzi hicho sasa mshtakiwa anaweza kukisikia kwa masikio yake.

Mwizi wa kuku anapewa kitenzi elekezi. Mabilioni yanapewa kitenzi sielekezi: fedha zimepotea, fedha hazikufika, fedha zimetumika vibaya. Hii ndiyo tofauti ya kitabaka ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha uchumi wa siasa. Katiba, kwa Ibara ya 143, imempa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kazi ya kutuambia kila mwaka fedha zetu zilikwenda wapi. Lakini taarifa ikishatua vyombo vya habari na midomoni mwa wasemaji, vitenzi hulainika njiani. Watu wa mitaani, tuwape heshima yao, hawakubali kirahisi. Sakata la akaunti ya EPA katika Benki Kuu lilipofumuka, la shilingi bilioni 133 zilizolipwa mwaka wa fedha 2005/06, mtaani hatukusema fedha zimepungua. Tulisema zimechotwa. Anayesema zimechotwa tayari anamtafuta mchotaji na ndoo yake.

Historia ya milima hii imejaa somo hilo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa hifadhi ya ardhi Uluguru, na watu wakatakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Unaweza kusema Waluguru walilima matuta. Ni sentensi sahihi kisarufi na ni uongo. Wazee hawakuwa wanalima, walikuwa wanalimishwa. Kiambishi kimoja cha kutendesha na kingine cha kutendwa vinarudisha bwana shamba, faini na amri ya mkoloni ndani ya neno moja. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, polisi wakafyatua risasi huko Matombo, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Kiingereza kinahitaji msururu wa maneno kueleza "walilimishwa". Sisi tunalo tayari, na bado tunaandika ripoti za "wananchi walishiriki kuchangia" pale ambapo walichangishwa.

Nisieleweke kwamba kila kitenzi sielekezi ni maficho. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, mafuta yakamwagika, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Vitenzi hivyo vya kwanza ni vya kweli. Hakuna aliyekaa akapanga. Kutafuta mtenda kwa nguvu katika kila msiba ni njia ya kuzaa wachawi. Bei ya petroli nayo, EWURA inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, mara nyingi imepanda kwa sababu za soko la dunia, na kusema "imepanda" si hila. Lakini humo humo ndani ya bei kuna kodi na tozo, na hizo hazipandi kama maji ya mto Ngerengere. Hupandishwa, kwa kura, na watu tunaowajua kwa majimbo yao.

Kuna kitenzi kimoja ambacho siku hizi kinaninyima usingizi, nacho kilikuwa katika zoezi la binti yule, swali la saba: "disappear". Kwa Kiswahili, toweka. Azory Gwanda, mwandishi wa habari wa Kibiti, alitoweka Novemba 2017, na hadi leo hajaonekana. Tazama vitenzi nilivyotumia. Baada yake tumezoea kusikia wengine wametoweka, na tunapojaribu kutaja waliowachukua tunasema "watu wasiojulikana", neno ambalo nalo limejengwa kwa kauli ileile iliyofunga mlango. Hawajulikani na nani? Sarufi haituruhusu kuuliza hivyo. Huko Argentina, wakati wa udikteta wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, akina mama waliokuwa wakiwatafuta watoto wao walikataa kwamba watoto wamepotea tu. Neno la Kihispania la "waliotoweka" likaanza kubeba maana ya "waliotoweshwa", na Kiingereza cha watetezi wa haki kikakifanya kitenzi hicho kuwa elekezi: mtu anaweza kumtowesha mtu. Sarufi za kale hazikukitambua hivyo. Sisi hatuna haja hata ya kukopa. Towesha inaundwa bila taabu kwa kiambishi kilekile kinachotoa fikisha katika fika.

Binti alimaliza swali la sita, akafika la saba, akaniuliza: "Baba mdogo, 'disappear' si inakaa yenyewe?" Nilimwambia kwamba kwa mtihani wa taifa, ndiyo, inakaa yenyewe. Akaandika "intransitive". Kisha akauliza kama mtu anaweza kutoweka bila kuwapo aliyemtowesha, kama vile kikombe na mama. Kaka yangu, aliyekuwa ndani akisikiliza redio, alizima redio akamwita aje kuchukua maji ya kunawa, chakula kilikuwa tayari.