BARUA YA BWANA SHAMBA: JINO LENYE UFA



Mwezi huu siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya meno. Utauliza, bwana shamba na meno wapi na wapi? Subiri kidogo. Habari hii inaanzia pale unapoanika mpunga wako.

Sisi watu wa Kibaha na Kisarawe tunalijua jino lililooza. Lina tundu, linaonekana. Jino lenye ufa ni jambo jingine. Ukijitazama kwenye kioo, huoni kitu. Lakini ukitafuna, unachomwa ghafula. Mara nyingi linauma pale unapoachia, baada ya kuuma kitu kigumu. Ukinywa maji baridi linashtuka, kisha linatulia. Siku mbili tatu unasahau. Halafu linaanza tena. Hata kuonyesha ni jino gani hasa, unashindwa. Ndipo watu wanaposema ni mdudu wa jino. Hakuna mdudu.

Fikiria mpini wa jembe wenye ufa. Ukiutazama, mzima. Ukipiga chini, unakufinya kiganja, kwa sababu ufa unafunguka na kufunga. Jino ni hivyo hivyo. Ndani yake mna nyama laini yenye mshipa wa fahamu. Ufa ukicheza, nyama ile inashtuka.

Ufa unatoka wapi? Sababu moja ni mawe. Mpunga wa bonde la Ruvu ukipurwa na kuanikwa juu ya ardhi tupu, changarawe zinaingia. Tumia turubai au jamvi. Chagua mchele na maharage mchana, si usiku kwa kibatari. Tusimlaumu mama jikoni peke yake. Jiwe lile lilitoka shambani.

Wengine tunajitafutia wenyewe. Tunafungua soda kwa meno, tunakata waya kwa meno, tunavunja mifupa. Hata korosho mbichi watoto huipasua kwa meno! Ganda lake ni gumu, na mafuta yake yanaunguza midomo. Wapo pia wanaosaga meno usingizini, na walioanguka na baiskeli au pikipiki. Jino lililozibwa tundu kubwa nalo hupasuka upesi.

Mfupa ukivunjika, huunga. Jino haliungi. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu huwezi kuuziba mwenyewe. Ulizia daktari wa meno Hospitali ya Wilaya Kisarawe, au Tumbi kwa watu wa Kibaha. Mweleze wazi: linauma nikitafuna, linauma kwa baridi. Maneno hayo yanamsaidia sana, maana ufa mwingine hauonekani hata kwa eksirei. Ukiwahi, jino laweza kujazwa au kuvikwa kofia. Ufa ukifika ndani, husafishwa mpaka mzizini. Likipasuka hadi mzizini, hung'olewa.

Kabla hujafika huko, tafunia upande mwingine. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Usiweke aspirini juu ya ufizi, inaunguza. Maji ya betri usiyaguse kabisa. Na shavu likivimba ukapata na homa, usingoje siku ya gulio ili upate usafiri. Nenda siku hiyo hiyo.