Kabla ya kumhubiria motisha mwanafunzi wa Kericho, timiza ahadi

MSIMU wa KCSE ukikaribia, shule za sekondari Kericho na Bomet huwa na siku ya maombi ya watahiniwa. Mchungaji anaomba, mwalimu mkuu anasisitiza nidhamu, kisha mgeni wa motisha anashika kipaza sauti na kuwaambia wanafunzi kwamba asiyefaulu hakutaka kufaulu. Makofi yanapigwa.

Pengine hata wewe uliye Nairobi au Nakuru umewahi kumtumia mdogo wako klipu ya aina hiyo. Si vibaya. Lakini umewahi kujiuliza bidii yenyewe inatoka wapi?

Mwaka 2013, mtafiti Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha jaribio lililohusisha watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Kwanza watoto waliahidiwa vifaa bora vya kuchorea. Nusu yao waliletewa. Wengine waliambiwa pole, havipo. Baadaye kila mtoto alipewa peremende moja, akaambiwa akingoja bila kuila ataongezwa ya pili. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Walioangushwa, dakika 3 tu.

Kundi la pili halikuwa la wavivu. Watoto hao walikuwa wamejionea kwamba neno la mtu mzima halina uzito, wakaamua kula walichokuwa nacho mkononi.

Sasa ipeleke hesabu hiyo Konoin au Belgut. Mkulima mdogo wa majanichai hupokea malipo ya kila mwezi kwa kilo alizopeleka kiwandani, halafu anangoja bonasi ya KTDA karibu Oktoba. Ukiuliza karo, viatu au deni la duka, jibu ni moja: ngoja bonasi. Lakini mwaka 2025, wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walipata bonasi ya chini kuliko wenzao wa mashariki, na manung'uniko yakatanda. Kwenye mashamba makubwa, mzazi anayechuma kwa mkono anahofia mashine itachukua kazi yake. Hofu hiyo si ya kubuni: Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa Kericho.

Serikali nayo ilikuwa imeahidi Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kiasi hicho hakimudiki. Shule ikipungukiwa, mzigo unamrudia nani? Mzazi yule yule anayengoja bonasi.

Kwa hivyo, mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani mara tatu muhula mmoja anapoanza kulegea, usikimbilie kumwita mzembe. Yeye pia anasoma mazingira yake.

Utasema, mbona kuna waliopitia hayo yote na wakaingia chuo kikuu? Wapo, na jasho lao ni la kweli. Hebu waulize kama kulikuwa na mtu aliyetimiza neno lake: mwalimu aliyekataa kuwafukuza darasani, au mjomba aliyetuma pesa siku aliyosema angetuma.

Hapo ndipo wewe unaingia. Kama una mdogo wako huko nyumbani, usimwahidi elfu tano kama una mia tano. Mwahidi mia tano ya tarehe 5, na ifike tarehe 5, kila mwezi. Na mbunge au diwani wako akipiga picha akigawa hundi za basari, usiishie kubonyeza "like". Muulize pale pale: pesa zitaingia kwenye akaunti ya shule tarehe ngapi? Akikupa tarehe, iandike, na siku hiyo ikifika mpigie mwalimu mkuu umuulize kama zimeingia.